Sauti ya Kukodi

Uji wa Noela ulikuwa wa ulezi, umechujwa mara mbili kwa kitambaa cheupe, umetiwa maziwa na asali kidogo, na haulishwi mpaka upoe kiasi cha kutumbukiza kidole ukahesabu hadi kumi bila kukitoa. Bi Sikudhani alitumbukiza kidole, akahesabu, akakifuta kwenye khanga. Noela alikuwa ameketi mbele yake juu ya mto, miguu kaikunja, hereni mbili za fedha zikimeremeta masikioni.

"Haya, mke mwenzangu," Bi Sikudhani akasema. "Kitendawili."

"Tega."

"Nina mgeni. Akiingia jikoni, nyumba nzima tunalia."

Noela akafikiri, kijiko kimemkaa mdomoni. Alikuwa amebakiza siku tisa kutimiza miaka minne. "Kitunguu."

"Kitunguu humliza anayekikata. Mgeni wangu anatuliza sote, mpaka paka."

"Basi nakupa mji."

"Mji gani?"

"Kilosa."

"Nimekwenda Kilosa, nimepokewa vizuri, nimechinjiwa kuku wawili, shingo nimekuwekea wewe. Mgeni wangu ni moshi."

"Moshi ni nini, Bibi?"

Bi Sikudhani aligeuka kulitazama jiko la nyumba ile. Lilikuwa ubao mweupe usio na moto. Sufuria ilichemka juu yake bila kujua imechemshwa na nini. Akaanza mbali. Alieleza kuni mbichi za masika kule Mgeta, zinavyotoa povu kwenye ncha. Alieleza jiko la mama yake lenye mafiga matatu, la tatu limemeguka, na jinsi moshi unavyoingia kama mgeni asiyebisha hodi, ukapanda darini kuyapaka mahindi ya mbegu rangi nyeusi, kisha ukashuka kuwatafuta watu machoni. Noela alicheka, akafumba macho akajifanya analia. Akataka arudiwe pale paka anapokimbia. Akarudiwa.

Mama Noela alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya tumbo lake la miezi saba. Yeye alisikia kijiko na kicheko cha mwanawe tu. Midomo ya yule mama mzima aliiona inakwenda, inakwenda, kama ya mtu anayesali kimoyomoyo.

"Mnaongea nini leo?"

"Moshi," Noela akamjibu. "Mama, sisi kwa nini hatuna moshi?"

Kufuli la Bi Sikudhani lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele. Lilipandikizwa chini ya ngozi ya koo, likawa linainywa sauti kabla haijafika kwenye meno na kuipeleka kwenye hereni za mtoto mmoja tu. Wataalamu walikwisha kugundua zamani kwamba akili ya mtoto hujengwa na maneno anayoambiwa yeye mwenyewe kabla ya miaka minne, na kwamba hakuna mashine inayomjenga mtoto kama bibi. Bibi hurudia. Bibi hachoki. Bibi hupotea katikati ya hadithi akarudi na kitu kingine mkononi. Basi wenye nafasi wakaanza kukodi mabibi. Baadaye wakaona kwamba bibi akirudi kwake jioni anawagawia wa kwake yale yale, na viti vya Darasa, vinavyogombewa kwa mtihani wa Mizani mtoto akitimiza miaka minne, ni vichache. Wakasema sauti ya kugawana ni maziwa yaliyotiwa maji. Ndipo likaja kufuli.

Kwa Bi Sikudhani wakala alikuja siku ya arobaini ya binti yake Hidaya, aliyekufa kwa uzazi. Masufuria ya kuazima yalikuwa bado yanasuguliwa nje. Kitoto Mwasiti kilikuwa mgongoni mwake, kimelala. Wakala alikaa kwenye mkeka, akakubali chai, akausoma mkataba wote kwa sauti nzuri, hakuruka mstari: miaka minne ya sauti, na mwishoni kiti kimoja cha Darasa kwa mjukuu. Bi Sikudhani alikuwa anawaza sufuria lipi ni la nani. Aliposikia "kiti cha Darasa" akanyoosha kidole gumba.

*

Bandani kwa Mama Tegemea watoto walikuwa sitini, na Mama Tegemea alikuwa mmoja. Aliwalaza kwenye mikeka yenye namba na kuwaongoza kwa filimbi: mlio mmoja kula, miwili kulala, mitatu kwenda kujisaidia. Hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa imeisha mwaka wa kwanza, akainunulia filimbi.

Mwasiti alimwona bibi yake tangu kwenye kona. Hakupiga kelele. Alikuja mbio, akagonga paji la uso kwenye goti la Bi Sikudhani mara mbili, maana yake umechelewa. Bi Sikudhani akamsugua sikio, maana yake najua. Mtoto akachongoa midomo kuelekea kwenye mfuko, akainua nyusi: kuna nini? Bibi akatoa ndizi mbivu. Walikuwa na ishara za kila kitu hao wawili, za mvua, za tumbo kuuma, za mwizi, hata ya jirani yao mmoja anayejamba akiinama. Walicheka sana na ile. Kicheko cha Bi Sikudhani nacho kilinywewa na kufuli, yakabaki mabega tu yanayotikisika, na Mwasiti akicheka alitikisa mabega vile vile, bila sauti.

"Huyo wako leo kamng'ata Thelathini na Mbili," Mama Tegemea akasema.

Bi Sikudhani alifungua kibao chake cha kuandikia, akatoa chaki kwenye pindo la khanga. Alikuwa na mwandiko mzuri wa darasa la saba, herufi zimelala upande mmoja. *Kwa nini?*

"Kwani ataniambia kwa nini? Ana maneno matatu: toka, yangu, bado. Hata nisamehe hana." Akacheka kidogo kwa koo lake bovu, kisha akaacha. "Dada, Mizani ni Alhamisi ijayo. Umejiandaa?"

*Kiti anacho. Kimeandikwa.*

"Kimeandikwa, ndiyo. Na cha mjukuu wa Bi Mwanate nacho kilikuwa kimeandikwa. Kumbe mtoto sharti kwanza afikishe alama arobaini, ndipo akikalie. Wake alipata tisa. Hukusomewa?"

Bi Sikudhani alisimama na chaki mkononi. Alisomewa. Sasa yale maneno yalimrudia na sauti nzuri ya wakala, yametulia palepale yalipowekwa, kati ya sufuria la mama Jongo na sinia la msikiti.

Mama Tegemea akamtazama. "Hukusikiliza," akasema. Hakuwa anauliza.

*

Asubuhi iliyofuata Bi Sikudhani alimkuta Mama Noela sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alipiga goti kidogo, ingawa yeye ndiye mkubwa, akampa kibao. Alikuwa amekiandika nyumbani, pande zote mbili, ili asikosee.

Mama Noela alisoma, akageuza, akasoma.

"Unataka tukufungue siku nane kabla."

Bi Sikudhani akainua nyusi.

"Bibi, unajua ninavyokuheshimu. Mimi mama yangu hakunifundisha nusu ya ulichomfundisha Noela. Lakini hizi siku nane ndizo zenyewe. Akili ya mtoto inafunga dirisha, anahitaji kusikia kila kitu mara ya mwisho." Akamrudishia kibao kwa mikono miwili, kwa adabu. "Ningekuwa na njia ya kukugawa, wallahi ningekugawa. Lakini wewe hugawiki."

Bi Sikudhani akafuta, akaandika tena, chaki ikikwaruza. *Basi hereni moja. Jioni tu. Nitairudisha asubuhi.*

"Hereni zinaandika kila saa ziko kwenye sikio la nani. Mizani ikiona pengo, itamkata Noela. Na wewe mkataba unakufa, na kiti kinakufa nao. Unaniomba nikudhuru, Bibi." Alisema taratibu kabisa. "Noela amekwisha kuamka. Anakuita."

Mchana ule, baada ya chakula, Noela alilala kichwa kwenye paja la Bi Sikudhani, akawa analichezea pindo la khanga yake.

"Bibi, Mwasiti anajua kile kitendawili cha moshi?"

"Hajui, mke mwenzangu."

"Hukumtegea?"

"Hanisikii."

Noela akapeleka mkono sikioni, akaivua hereni ya kushoto kwa vidole vyake vidogo, kama anavyovua kiatu, akaiweka kiganjani mwa Bi Sikudhani. "Mpe asikie. Mimi ninayo nyingine."

Hereni ilikuwa ya moto bado kwa joto la mtoto. Mama Noela alikuwa amelala chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi na pumzi zake zilisikika. Bi Sikudhani alikunja kiganja. Siku nane. Mtoto mwenye akili kama Mwasiti, mtoto aliyetunga ishara ya jirani anayejamba, angeweza kuokota maneno mangapi kwa siku nane? Arobaini angefika. Huenda angefika. Na huyu aliyelala pajani angekatwa kwa pengo ambalo yeye mwenyewe amelifungua kwa mkono wake, hajui anachotoa. Alikuwa amemwogesha huyu tangu kitovu hakijakatika. Alimjua kila alama ya mwili.

Tena kwao Mgeta mtu hapokei kitu mkononi mwa mtoto, mama yake akiwa amelala. Hata muwa. Bibi yake alimchapa kwa ajili ya muwa, na fimbo ile aliikumbuka ilikatwa mti gani.

Aliishika ile hereni mpaka ikapoa. Kisha akamgeuza Noela kichwa polepole, akairudisha sikioni.

"Kitu cha mtu hakitolewi kimya kimya, mjukuu wangu," akasema.

"Mimi sikunyamaza, nimekwambia."

Bi Sikudhani akaikaza hereni, akamfunika khanga.

Kwa siku zile nane alitafuta njia nyingine. Alimwandikia Mama Tegemea kibao, na Mama Tegemea, hata bila kuuliza, kila jioni akavumilia robo saa pale mlangoni, akiinua kikombe, ufagio, jiwe, akiyakohoa majina yake kwa ile sauti yake iliyobaki, huku watoto wengine wakilia nyuma. Mwasiti alimtazama mdomo kwa makini. Alishika "kikombe". Alishika "kuku". Bi Sikudhani alikuwa anahesabu kwa kufunga mafundo kwenye uzi wa khanga, na jioni ya Jumatano mafundo yalikuwa saba, pamoja na yale matatu ya zamani.

*

Ukumbi wa Mizani ulikuwa na sakafu iliyopigwa rangi ya majani na viti vidogo vidogo vizuri. Mizani yenyewe ilikuwa kijiti chenye kitundu na taa ya kupanda na kushuka, kimesimama mezani, ilisikiliza tu. Kando yake alikaa mwalimu mpimaji, dada mmoja mwembamba aitwaye Gaudensia, akionyesha picha. Wazazi waliketi ukutani.

Noela aliitwa kwanza. Alisema shikamoo kwa mwalimu, akaiamkia na Mizani, watu wakacheka. Akataja, akaeleza, akauliza na yeye. Kisha Mwalimu Gaudensia akainua picha ya nyumba ya nyasi yenye wingu la kijivu juu ya paa.

"Hiki ni nini?"

"Moshi," Noela akasema. "Ni mgeni asiyebisha hodi. Anapanda darini anayapaka mahindi ya mbegu rangi nyeusi, halafu anashuka kuwatafuta watu machoni, na paka anakimbia. Sisi kwetu hatuna. Mimi sijawahi kuuona."

Taa ya Mizani ikapanda, ikafika juu kabisa, ikatulia pale. Mama Noela alikuwa analia kwa furaha. Akaushika mkono wa Bi Sikudhani, akaubana.

Mwasiti aliitwa wa kumi na tatu.

"Jina lako nani, mwanangu?"

Mwasiti alitazama mdomo wa mwalimu. Neno "jina" alikuwa hajalipata. Lakini mtu mzima akikuangalia vile, anataka ujitaje. "Kumi na saba," akasema, namba ya mkeka wake bandani.

Mwalimu akatazama karatasi, akatazama ukutani. Akaonyesha kikombe.

"Kikombe." Taa ikapanda ukucha mmoja. Bi Sikudhani alikuwa ameng'ang'ania benchi kwa mikono miwili.

"Kuku." Taa ikapanda.

Ufagio. Mwasiti alifungua mdomo, neno likampotea. Akashuka kitini, akainama, mkono mmoja mgongoni kama anavyofanya bibi yake, akafagia sakafu yote ya mbele ya meza, akakusanya taka zisizokuwepo, akazimwaga nje ya mlango. Taa haikutikisika. Mvua: akashusha vidole vyote kumi hewani, kisha akajifunika kichwa na kukimbilia chini ya meza. Mama mmoja ukutani akacheka, mwingine akamnyamazisha.

Ikaja ile picha ya nyumba ya nyasi.

Mwasiti aliijua. Kila asubuhi aliamkia mle. Aliinua kiganja kutoka chini, akakipandisha polepole, akikizungusha, mpaka juu ya kichwa chake, akakitandaza kama kitu kinachogonga dari. Akakirudisha usoni. Akabana macho, akayasugua kwa ngumi, machozi ya kweli yakatoka. Akakohoa kikohozi kile kikavu cha wapikaji, akapepea kwa khanga asiyokuwa nayo, akageuka akamchongolea bibi yake midomo pale ukutani, akainua nyusi: si ndio?

Mizani ikaandika: *kikohozi*.

"Sema, mama," Mwalimu Gaudensia akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sema tu hiki nini. Neno moja."

Mwasiti aliona wanamtaka kitu na amekwisha kutoa vyote. Akakumbuka neno lake la hakika.

"Toka," akasema.

Alama kumi na moja.

Bi Sikudhani alikuwa amefika mezani na kibao. Chaki ilikatika, akaandika kwa kipande. *Umemwona.*

"Nimemwona, mama. Amejibu zote." Mwalimu alishusha macho. "Mimi nashika picha tu. Ningekuwa Mizani mimi, huyu angekaa mbele."

*

Chumba cha nyuma kilikuwa na kiti kimoja cha kuegemea na kijana wa kufungua makufuli. Mama Noela aliketi dirishani, Noela kando yake. Mwasiti alisimama kwenye kona, amevalishwa tayari aproni ya kijani ya Mikono. Nyumba za Mikono ndiko walikopelekwa waliobaki chini ya mstari. Walilala huko huko, wakafundishwa kuchagua maharage, kubangua korosho, kupanga miche. Gari lilikuwa uani, injini inanguruma.

"Kiti chenu kimerudi kwetu," Mama Noela akasema. Alikuwa ameona haya kweli. "Kitakuwa cha huyu." Akagusa tumbo. "Sikuuandika mimi mkataba, Bibi. Lakini nimezungumza nao. Ukirefusha miaka minne, kwa huyu anayekuja, Mwasiti watamweka Mikono ya hapa hapa mjini. Utamwona kila Jumapili. Usiporefusha, anakwenda na gari la Kilombero, kwenye mpunga. Kule hawaruhusu wageni mpaka atimize kumi na mbili."

Bi Sikudhani alitazama gari. Akatazama aproni, ilivyokuwa ndefu, ikiburuta.

"Kufuli hili limechakaa, linatolewa vyovyote," kijana akasema. "Jipya linaingia ukikubali. Lala, bibi. Haliumi."

Liliuma. Akambandika plasta kooni. Bi Sikudhani akakaa, akameza mate, na kwa mara ya kwanza tangu arobaini ya binti yake akasikia kwa masikio yake mwenyewe pumzi yake inavyokwaruza. Miaka minne, kila siku akirudi nyumbani, alikuwa amepanga neno la kwanza litakuwa lipi. Akashuka kitini, akapiga goti moja mbele ya kona.

"Mwasiti," akasema.

Noela akaruka pale dirishani. "Bibi, unaongea nje!" Akaja mbio, akamkumbatia kiunoni, kwa kuwa sauti ile ilikuwa yake, ameamka nayo na kulala nayo. "Mama, Bibi anaongea nje."

Mwasiti alikuwa ametazama nyuma ya bega la bibi yake kuona nani ameingia. Hakukuwa na mtu. Akatazama nyuma ya kiti.

"Mwasiti, mke mwenzangu. Ni mimi. Ni bibi yako mzaa mama."

Mtoto akaona mdomo unakwenda na ile sauti nzito ya mtu mgeni inatoka mle mle. Akarudi nyuma mpaka ukutani. Bi Sikudhani akaendelea, hakuweza kuacha, akalitaja jina la Hidaya, akataja uji, akataja moshi, maneno yakigongana mlangoni. Na kadiri alivyosema mtoto akazidi kujibana ukutani, akimtafuta kwa macho bibi yake usoni mwa mtu huyu.

Mwishowe Mwasiti akafanya kitu cha kishujaa. Akasogea hatua moja, akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya mdomo wa Bi Sikudhani na kuufunga. Akangoja. Chumba kikawa kimya. Basi akainua nyusi polepole: ni wewe?

Bi Sikudhani akamsugua sikio.

Mtoto akashusha pumzi. Mabega yakamlegea. Akaegemeza paji la uso kwenye goti.

Walikaa hivyo mpaka dereva alipopiga honi uani, mara mbili. Bi Sikudhani akamtoa Noela kiunoni kwa upole, akainuka, akarudi kitini, akalala. Mama Noela alimsogezea karatasi, naye akanyoosha kidole gumba bila kuitazama. Kisha akainua kidevu, ili kijana apaone vizuri pa kuweka.